Kila Jeshi na Siri Zake, Kila Jeshi na Majeneza Yake

Wasee, wiki iliyopita niliweka vidio ya dakika moja na nusu kuhusu KDF huko Somalia. Komenti iliyopata laiki nyingi kuliko vidio yenyewe ilisema hivi: "Wewe chuo kilikushinda mwaka wa pili, utatufunza vita?" Ni kweli niliacha chuo. Karo ilikataa, na hiyo stori nilishawapa. Lakini hauhitaji digrii kufungua kalenda ya simu. Fungua yako tuangalie pamoja.

Juni 26, 2015, Leego, kambi ya Warundi. Septemba 1, 2015, Janaale, kambi ya Waganda. Januari 15, 2016, El Adde, kambi yetu. Januari 27, 2017, Kulbiyow, yetu tena. Mei 26, 2023, Buulo Mareer, Waganda tena.

Sasa angalia siku. Kambi tano, na nne kati ya hizo zilivamiwa Ijumaa. Zote asubuhi mapema. Zote zilianza kwa gari lililojazwa vilipuzi, dereva akiwa ameamua kufa, halafu wapiganaji wakamiminika kambini kabla watu hawajajua wamepigwa na nini. Na mara nyingi nyuma yao kulikuwa na mtu ameshika kamera, juu baadaye Al-Shabaab walitoa vidio.

Sisemi Ijumaa ina uchawi. Nasema timu ikifungwa bao la kona ileile, mchezaji yuleyule akiruka mahali palepale, mechi tano, hakuna shabiki Kenya hii atalaumu mvua. Tutauliza kocha alikuwa anaangalia nini. Kati ya Leego na El Adde hata miezi saba haikuwa imeisha. Warundi walikuwa wameshalipa ada ya hilo somo kwa damu. Waganda wakalipa tena miezi miwili baadaye. Swali langu ni moja tu, na ndilo lililofanya niandike hii kitu badala ya kulala: hilo somo lilifika kwa yule kamanda wa kombania aliyekuwa El Adde?

Mimi 2016 nilikuwa darasa la sita, Eldoret. Mnajua Moi Barracks iko Eldoret, na wengi wa wale waliokuwa El Adde walitoka huko. Msichana niliyekaa naye dawati moja, baba yake alikuwa kule. Wiki ya kwanza alikuja shule kama kawaida, akafanya hesabu zake, akanikopesha rula, juu nyumbani kwao hakuna aliyekuwa amepigiwa simu. Ilibidi mamake aende mwenyewe kwa geti kuuliza. Wiki iliyofuata hakuja. Mwalimu alituambia tusiulize maswali. Muhula ulipoisha tukasikia wamehamia kwa nyanya yake ushago, na hadi leo sijawahi kumuona.

Tarehe 27 Januari 2016 kulikuwa na ibada ya kumbukumbu hapo Eldoret. Rais Uhuru Kenyatta alikuwepo, Rais Buhari wa Nigeria alikuwepo, Rais Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia alikuwepo. Hotuba zikatolewa. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe ileile, Kulbiyow ikavamiwa. Kwa kona ileile.

Na hadi leo serikali yetu haijawahi kutuambia rasmi ni wangapi walikufa El Adde. CNN walifanya uchunguzi wao wakasema angalau 141. Rais wa Somalia mwenyewe alisema kwa televisheni kwamba ni zaidi ya 180. Huku nyumbani, walioposti picha na habari za shambulio waliambiwa wanasaidia adui, na wengine wakakamatwa. Hebu fikiria kidogo hapo. Al-Shabaab walikuwa pale. Walihesabu miili wenyewe. Walipiga picha. Sasa hiyo siri ilikuwa inafichwa nani? Adui alikuwa na kila kitu kwa kamera yake. Waliofichwa ni mamake yule msichana, na naamini kabisa waliofichwa pia ni wanajeshi wa nchi zingine waliokuwa wamelala kwa mahema yanayofanana, nyuma ya mchanga unaofanana, wakingoja Ijumaa yao.

Tabia ya kuficha raia na tabia ya kuficha mshirika ni tabia moja. Mtu hawezi kukataa kuandika ripoti ya ukweli kwa watu wake halafu ampe jirani ripoti ya ukweli. Hiyo ripoti ataitoa wapi?

Tuongee kidogo vile hii kitu inafanya kazi, juu wengi wanadhani jeshi la Umoja wa Afrika ni jeshi moja. AMISOM ilianza 2007, Waganda wakiingia kwanza, Warundi wakafuata. Sisi tuliingia Somalia kivyetu Oktoba 2011 na ile Linda Nchi, halafu 2012 tukavalishwa kofia ya AMISOM. Djibouti, Sierra Leone na Ethiopia nao wakaja kwa wakati wao. 2022 jina likageuka kuwa ATMIS, 2025 likageuka tena kuwa AUSSOM. Nembo mpya, makaratasi mapya. Lakini kwa miaka mingi mwili ulikuwa uleule: nchi iligawanywa sekta kama mandazi mezani. Waganda kule Mogadishu na Shabelle ya Chini, Warundi Shabelle ya Kati, Djibouti Hiiraan, Ethiopia upande wa Bay na Bakool, sisi upande wa Juba karibu na mpaka wetu.

Kwa karatasi kuna kamanda mmoja Mogadishu. Kwa maisha ya kawaida kila kikosi kinasikiza mji mkuu wake. Taarifa zinapanda kutoka kambini kwenda Nairobi, Kampala, Addis Ababa, na kinachofika makao makuu ya Mogadishu ni kile hiyo miji imeamua kiachiliwe. Halafu kile kidogo ndio kiteremke tena hadi kwa sajenti aliye langoni saa kumi na moja asubuhi. Ni kama kutaka kumwambia jirani nyumba yake inaungua, lakini lazima kwanza umwandikie barua landilodi wako, naye amwandikie landilodi wake.

Adui naye? Al-Shabaab wana kitengo kimoja cha ujasusi, Amniyat. Kimoja. Hakina sekta. Mtu wao akiona lori za KDF zikibadilisha kikosi, hahitaji idhini ya wizara yoyote. Na hata jina lao lenyewe maana yake ni "vijana", hiyo ndio inaniuma zaidi. Vijana wenye simu na pikipiki wanawashinda mbio watu wenye majenerali.

Kuna kitu kimoja mimi huona ni kama kichekesho cha huzuni. KDF wanaongea Kiswahili. UPDF, Kiswahili ndio lugha yao ya jeshi. Warundi wengi wanakielewa. Ni miungano michache ya kijeshi ambapo askari wa nchi tatu wanaweza kukaa chini ya mti mmoja na kupeana stori bila mkalimani na bila kuazima lugha ya mzungu. Sisi tunayo hiyo zawadi, na bado hatuongei.

Kwa nini hatuongei? Usiniambie ni teknolojia. Ni siasa. Angalia sisi na Somalia: 2014 Somalia ilitupeleka mahakama ya kimataifa kule The Hague juu ya mpaka wa bahari, kesi ikaamuliwa Oktoba 2021. Katikati hapo, Desemba 2020, Mogadishu ikakata uhusiano wa kidiplomasia na Nairobi. Muda huo wote wanajeshi wetu walikuwa ndani ya Somalia wakiitetea hiyo serikali. Nairobi ilikuwa na watu wake Jubaland, Mogadishu haikuwapenda hao watu. Sasa wewe ni ofisa wa ujasusi wa Kenya, umesikia kitu kuhusu Gedo. Utampa mwenzako wa Somalia, ambaye mkubwa wake anakushtaki? Na yeye atakupa chake? Nusu ya ujasusi wa huo muungano ulikuwa unaangalia adui, na nusu unaangaliana.

Na onyo lilikuwepo, wasee. Baada ya El Adde jenerali mmoja wa jeshi la Somalia alisema hadharani kwamba Wakenya walikuwa wameonywa mapema. Siwezi kujua onyo lilikuwa na uzito gani. Lakini onyo kutoka kwa mtu usiyemwamini ni kama simu kutoka kwa namba usiyoijua: unaiangalia tu ikilia.

Kuna mmoja ataniambia hii ni shida ya Waafrika, wazungu wamejipanga. Buda, tulia. NATO ina pesa yote, satelaiti zote, na tangu 2017 ina hata kitengo cha pamoja kule Brussels cha kuunganisha ujasusi wa kijeshi na wa kiraia. Mwisho wa 2021 Wamarekani na Waingereza wakawaambia wenzao kwamba Urusi itaivamia Ukraine. Ufaransa na Ujerumani wakaona hayo ni makelele, wengine wakikumbuka vile Iraq 2003 walidanganywa kuhusu silaha. Februari 24, 2022 vita vikaanza. Mkuu wa ujasusi wa Ujerumani, Bruno Kahl, alikuwa ndani ya Kyiv siku hiyo, ikabidi atolewe kwa barabara. Mkuu wa ujasusi wa jeshi la Ufaransa, Jenerali Éric Vidaud, alipoteza kazi mwezi uliofuata. Hao walikuwa wamepewa taarifa. Walikosa kuziamini.

Na unajua nani mwingine aliona uvamizi ukianza? Jeffrey Lewis na timu yake ya watafiti wa chuo kule California. Waliona foleni ya magari kwa Google Maps usiku wa manane, karibu na Belgorod upande wa Urusi, mahali ambapo hakukuwa na sababu ya kuwa na jamu. Google Maps, ileile unatumia kukwepa jamu ya Thika Road. Hivyo ndivyo vita vya sasa vilivyo. Siku hizi simu, picha za satelaiti zinazouzwa kwa yeyote, posti za wanakijiji na droni za bei ya pikipiki zinasema mambo ambayo zamani yalihitaji jasusi mwenye miwani myeusi. Ukiwa na jeshi linaloamini kwamba taarifa ya kweli ni ile tu imepigwa muhuri wa SIRI, utapigwa na watu wanaosoma kile kiko wazi.

Halafu kuna hii tabia yetu ya kuazima macho. Juni 2024 Marekani ilitupa cheo cha mshirika mkuu asiye mwanachama wa NATO, nchi ya kwanza kusini mwa Sahara, na watu walisherehekea kama tumeingia Kombe la Dunia. Soma vizuri. Hicho cheo kinakurahisishia kununua na kupewa vifaa na mafunzo. Hakuna mahali kinasema ukivamiwa watakuja, wala kwamba kila kitu droni yao itaona utaambiwa. Waulize Ukraine: Machi 2025 Washington iliwazimia ujasusi siku kadhaa kwa sababu marais walikuwa wamekosana, katikati ya vita. Swichi ilikuwa Washington, na ikazimwa.

Na hata hayo macho ya kuazima hulala. Januari 5, 2020, alfajiri, Al-Shabaab waliingia Manda Bay, hapo Lamu, uwanja wa ndege ulio kwa kambi yetu ambapo Wamarekani walikuwa. Wamarekani watatu walikufa na ndege zikaungua. Uchunguzi wao wenyewe ulitoka 2022 ukasema watu walikuwa wamezembea, walidhani Manda ni mahali salama. Lakini mpe sifa mahali pa sifa: walichunguza, wakaandika, wakatangaza makosa yao. Sisi ya El Adde tunangoja mwaka wa kumi umepita.

Sasa najua kuna watu wa usalama wamekasirika hapa. Hoja yao si ya kijinga, wacha niiseme vile wangeisema: ukigawa siri na kila mtu, zitavuja, na zikivuja watu watakufa. Kweli. Mogadishu, Julai 2019, meya wa jiji Abdirahman Omar Osman alilipuliwa ndani ya ofisi yake, akafa siku chache baadaye, na aliyejilipua alikuwa mfanyakazi wa hapohapo ofisini. Adui ameingia hadi kwa viti vya mikutano. Hata Wamarekani, 2023 siri zao za vita vya Ukraine zilimwagwa Discord na mwanajeshi wa miaka 21, Jack Teixeira, akitaka kuonekana mjanja kwa kikundi cha wacheza gemu. Alihukumiwa miaka 15. Rika letu hilo, wasee.

Lakini angalia vizuri hiyo ya Teixeira. Siri ilivujia nyumbani kwa mwenye siri, haikuvujia kwa mshirika. Na hakuna mtu anaomba KDF iwape Warundi jina la mtu wetu aliye kijijini. Jina libaki kwa kabati. Onyo ndilo litoke. "Wiki hii kuna gari linatengenezwa upande huu, ongezeni vizuizi langoni" haiuzi mtu yeyote. Na "sisi tulivamiwa hivi, gari lilipita hapa, bunduki nzito ilikuwa inaangalia upande huu, tulikosea hapa" hiyo si siri hata kidogo, juu aliyekuvamia anaijua kukuliko.

Kuna chanzo kingine ambacho hakiuzwi Washington, na tunakichoma wenyewe. Mchunga ngamia. Mama wa chai sokoni. Dereva wa lori la miraa. Hao ndio wanaona sura ngeni kwanza. Julai 2015 wanajeshi wa Uganda waliua raia waliokuwa kwa harusi mjini Marka, na AMISOM ikakiri. Septemba Al-Shabaab wakavamia Janaale wakisema wanalipiza hiyo harusi. Niambie, kati ya hiyo harusi na huo uvamizi, ni mama gani wa Shabelle angetembea hadi getini kusema ameona gari la ajabu? Na sisi tusicheke Waganda. Aprili 2014 tulichukua maelfu ya Wasomali wa Eastleigh, wengine na vitambulisho vyetu kabisa mfukoni, tukawafungia Kasarani. Halafu polisi wanashangaa kwa nini mtaa hauongei.

Nikipewa dakika tano na wakubwa, singeomba droni. Wataomba wenyewe, droni ina tenda na tenda ina mkate. Ningeomba meza moja Mogadishu yenye watu wa kila nchi, wenye ruhusa ya kupiga simu moja kwa moja kwa kamanda wa kambi iliyo hatarini, iwe ya nchi gani, bila kungoja mji mkuu uamke. Ningeomba kila kambi ikivamiwa, ndani ya siku saba kuwe na karatasi mbili za ukweli, kwa Kiswahili na Kisomali na lugha zingine zinazohitajika, zisomwe kwa sauti kwa kila kambi hadi ya mwisho. Ningeomba vijana wa kompyuta, wale wanaotafuta kazi hapa Nairobi mwaka wa tatu sasa, wakae wakisoma kilicho wazi: picha za satelaiti, propaganda, bei za mafuta na mbolea sokoni, kila kitu. Na helikopta, sawa, hiyo nakubali ni pesa. Baraza la Usalama liliidhinisha helikopta 12 kwa AMISOM mwaka wa 2012. El Adde inavamiwa, karibu miaka minne baadaye, hakuna hata moja ya hizo ilikuwa imefika. Onyo bila kitu cha kukuokoa ni kuharibiwa usingizi tu.

Na ningeomba majina. Orodha kamili ya El Adde, ichapishwe. Mnaona haihusiani na ujasusi? Inahusiana. Jeshi likizoea kuhesabu wafu wake hadharani, litazoea kuuliza walikufaje, na likishajua litakuwa na kitu cha kumpa jirani. Museveni, mwenye mambo yake mengi, alisema wazi kwamba Buulo Mareer walikufa Waganda 54, na kwamba makamanda wawili walikosea. Ni Museveni alifanya hivyo, wasee. Tunashindwa na Museveni kwa uwazi.

Kwa yule wa komenti: sijakufunza vita, nimekuonyesha kalenda. Kama uko na hoja, weka, nitaibandika juu. Matusi pia weka, yanasaidia posti ifike mbali.

Na kama kuna mtu alikuwa sekta yetu kati ya Juni 2015 na Januari 2016 na anasoma hii, tafadhali usinitumie siri yoyote, usinitajie kambi wala jina la mtu. Nijibu kwa neno moja tu, ndiyo au hapana. Kabla ya ile Ijumaa, kuna mtu yeyote aliwahi kuja kuwaeleza kilichotokea Leego?